Mluzi Kwenye Meza ya Longino

"Chombo kisichokabidhiwa humngoja mwenyewe." Mmeisikia asubuhi hii ikitoka kinywani mwa Fundi Kihwele, alipomkuta mmoja wenu na randa ya Philoteus aliyehamia Njombe wiki iliyopita, nami nikawaona mnavyotazamana kama watu waliosalimiwa kwa Kilatini. Mnadhani methali zote zilitungwa na mababu waliovaa ngozi. Hii ni changa, mimi nina sufuria zilizoizidi umri. Umeme umekatika na msasa hauna haraka, basi kaeni juu ya hizo mbao niwaeleze ilivyozaliwa. Mimi Kresensia nilikuwepo, nikiwa na vumbi hadi kwenye nyusi.

Desturi ya mtaa huu wa maseremala mnaijua nusu nusu, kwa hiyo nitaisema yote. Fundi akifariki, vyombo vyake hufunikwa shuka jeupe juu ya meza yake ya kazi. Arobaini ikipita, mke au mtoto hufunua shuka, huchukua chombo kimoja kimoja, hukiweka mkononi mwa anayerithi na kusema, "Pokea." Mrithi hujibu, "Nimepokea." Hakuna hotuba. Lakini chombo ambacho hakijapita hapo hakiguswi, hata kikiwa penseli iliyobaki nusu kidole.

Mzee Longino Chavala alikuwa fundi wa mkono wa kushoto. Meza yake ilikuwa pande moja la mninga, nene kuliko kiganja, na kila Januari aliipiga randa upya mpaka ukimwaga maji juu yake yanatulia tu, hayajui pa kwenda. Kwenye kona ya kushoto, upande wa ukutani, palikuwa na kibonde kidogo kilicholainika, pale alipoegemeza mkono wake kwa miaka arobaini. Na alikuwa na mluzi wake. Akimaliza upande mmoja wa kazi, kabla hajageukia wa pili, alipiga sauti tatu za kupanda na moja ndefu ya kushuka. Hatukujua ni wimbo gani. Mkewe, Mama Gaudensia, alikuwa akiusikia kutoka jikoni anajua sasa aweke maji ya chai.

Mwanafunzi wake alikuwa Otmari Luvanda. Miaka tisa alijifunza kwa Longino, na kwa kuchonga majani ya mzabibu hapakuwa na wa kumfikia kutoka hapa mpaka Iringa. Kisha, hajatimiza hata miaka arobaini, mkono wake wa kulia ukaanza kutetemeka. Hospitali walimpa jina refu la ugonjwa na vidonge vya kupunguza. Patasi ikawa inaruka. Nilikuwa nikipiga msasa kazi zake nakuta mikwaruzo, naisawazisha bila kusema, naye anajua ninaisawazisha, wote tunanyamaza.

Ndipo akaazimia kujitengenezea mkono mwingine. Alikuwa ameona kwenye simu watu wanaounda mashine inayoongozwa na kompyuta: unachora ua kwenye kompyuta, na mashine yenyewe inatembeza biti ya kukatia juu ya ubao, mbele, nyuma, kushoto, kulia, juu na chini, mpaka ua linatokea. Dukani bei yake ilikuwa ya kumtoa mtu machozi. Akasema ataiunda mwenyewe kwa vyuma vya kuokota. Ikifanya kazi, atabaki fundi. Isipofanya, alikuwa ameshaahidiwa kibarua cha kupakia mbao kwenye malori, kazi ambayo mkono ukitetemeka hakuna anayejali. Alikuwa akiniambia hivyo huku akicheka, na kicheko chake kilinitia uchungu.

Alianza na fremu ya mabomba ya chuma. Longino akaja kuitazama, akaigonga kwa kifundo cha kidole, akasema neno moja tu: "Itapinda." Akaenda zake. Mzee yule hakuwa na maneno mengi. Lakini Otmari alilisikia kama laana, na tangu siku hiyo wakawa wanasalimiana kwa kuangalia pembeni.

Mwezi Mei Longino aliugua, akaugua vibaya. Otmari alikuwa Makambako akikusanya mota kutoka kwenye mashine mbovu za fotokopi. Mzee akaagiza apigiwe simu aje. Otmari akajibu, "Nakuja kesho." Siku ya pili akapigiwa tena, akajibu, "Nakuja kesho." Na ya tatu vilevile. Alidhani anaitwa kuambiwa aachane na mashine yake. Siku ya nne hakupigiwa tena. Alifika siku ya mazishi, akasimama nyuma kabisa, na hakuweza kumwendea mjane kumpa pole.

Siku ya arobaini hakuja. Mama Gaudensia alikabidhi randa kwa Kihwele, misumeno kwa huyu, patasi kwa yule. Ilipobaki meza, mimi mwenye mdomo nikamuuliza, "Na hii, mama?" Akalivuta shuka juu yake akasema, "Hiyo ina mwenyewe." Sote tukainamisha vichwa. Tulielewa anamsema aliye kaburini. Na mimi huyu huyu ndiye niliyempelekea Otmari maneno hayo.

Fremu ya mabomba ilipinda, kama ilivyosemwa. Alipoichomelea upande mmoja, ukavutwa upande wa pili. Alipima kwa uzi kutoka pembe hadi pembe, uzi mmoja ukazidi mwingine kwa upana wa kidole. Akakata, akachomelea tena, ikapinda kwa namna nyingine. Mashine ya aina ile ikikosa kitako kilichonyooka, kila kitu juu yake kinakosea. Na kitu kilichonyooka kuliko vyote mtaani kilikuwa kimelala chini ya shuka, ndani ya karakana iliyofungwa, na ufunguo mmoja Otmari alikuwa nao tangu uanafunzi.

Mama Gaudensia alikuwa ameenda Iringa kumwuguza binti yake Gaudensia aliyejifungua. Otmari akajisemea, baadaye aliniambia kwa kinywa chake: desturi inataka chombo kiwekwe mkononi, meza haiwekwi mkononi, kwa hiyo meza si chombo. Mtu akitaka kujidanganya hakosi hesabu. Asubuhi moja ya Julai, ukungu umetanda hadi huoni nyumba ya jirani, aliipakia kwenye mkokoteni akaivusha barabara. Mahali pake akapanga makreti na mbao mbili za msonobari, akarudishia shuka juu, ili ukichungulia dirishani uone meza ipo. Nilimwona. Nilinyamaza kwa sababu nilimhurumia, na kunyamaza kwangu sikujivunii.

Juu ya meza ile mashine ilikaa kana kwamba imezaliwa nayo. Alifunga reli, akafunga zile skrubu ndefu zinazovuta kichwa cha mashine, akaunganisha mota na kompyuta. Hakuweka biti kwanza, alifunga kalamu ya wino na kutandika karatasi, ili makosa yaonekane bila kuharibu ubao. Aliiambia iende sentimita kumi, ikaenda tisa na nusu. Akabadili hesabu kwenye kompyuta. Ikawa inaenda kumi, lakini ikirudi inapungua unywele, kwa sababu nati zilicheza kwenye skrubu. Akafunga nati mbili mbili na springi katikati ili zisukumane zisipate nafasi ya kucheza. Kazi hiyo ilichukua wiki tatu. Siku ilipochora mraba ambao nyuzi zote mbili zilikuwa sawa, nilipiga vigelegele, naye akaketi chini akalia kidogo.

Tukiwa bado tunafurahi, kichwa cha mashine kikaanza kutembea. Hakuna aliyekiambia. Kilivuka karatasi polepole, kikavuta mstari wa wino hadi kona ya kushoto, upande wa ukutani, kikasimama juu ya kile kibonde.

"Umeiambia iende pale?" nikauliza.

"Hapana. Nyumbani kwake ni huku," akasema, akaonyesha kona ya kulia karibu na mlango, alikokuwa amefunga swichi ya kuizuia.

Mashine hizi huwa na mahali pa kuanzia, pale vipimo vyote vinapohesabiwa. Wenyewe wanapaita nyumbani. Otmari aliipa nyumba yake kona ya kulia, na mashine ilikuwa imejichagulia nyingine. Akabadili swichi. Akabadili waya, akihisi unaokota umeme wa mota. Akafuta kila kitu kwenye kompyuta akaandika upya. Mashine ilitii kazi nzima bila kosa, na kazi ikiisha, ikaenda pale pale kibondeni.

Kisha nikasikia kitu ambacho sikutaka kukisikia. Mota zile huimba zikizunguka, mnajua, zikienda kasi sauti inapanda, zikipunguza inashuka. Ni kawaida. Lakini ile safari ya kwenda kona ya kushoto ilikuwa na sauti tatu za kupanda na moja ndefu ya kushuka. Nilimtazama Otmari. Alikuwa ameinamia kompyuta, na vidole vyake vilikuwa vimeacha kuandika.

"Ni mota tu, dada Kresensia," akasema kabla sijafungua mdomo.

"Nimesema kitu?"

"Hujasema."

Kazi aliyokuwa ameipata ilikuwa mlango wa kabati la mavazi ya padri kwenye sakristia ya kanisa, majani ya mzabibu kutoka juu hadi chini. Alikuwa na mbao tatu za mkangazi zilizokauka vizuri, moja ya mlango na mbili za akiba. Ubao wa kwanza ulichongwa vizuri hadi jani la mwisho. Kisha kichwa, badala ya kuinuka, kikashuka, kikaburuta biti katikati ya majani yote kuelekea kushoto. Mfereji ulipita pale kama kovu. Kwa ubao wa pili alikaa na mkono juu ya swichi ya kuzimia. Aliizima jani la mwisho lilipokamilika. Ilipowashwa tena, kabla hajagusa chochote, ikashuka na kuchimba mfereji ule ule. Ukabaki ubao mmoja.

Siku ya ubao wa tatu umeme ulikatika mapema, kazi haijaanza. Kichwa cha mashine kilikuwa katikati ya meza, nilikifunika mwenyewe kwa gunia kuzuia vumbi. Otmari akafunga kufuli, akatia ufunguo mfukoni, tukaenda kunywa uji kwa mama lishe ng'ambo ya barabara. Ukungu ulikuwa mzito, na mtaa mzima ulikuwa kimya kwa kukosa umeme, hakuna hata msumeno mmoja uliolia. Tuliporudi umeme ulikuwa bado. Otmari akafungua kufuli.

Gunia lilikuwa katikati ya meza, limelala bapa, na chini yake hapakuwa na kitu. Kichwa cha mashine kilikuwa kona ya kushoto.

Sikukimbia, na msidhani ni ushujaa. Kukimbilia kwenye ukungu ule kulinitisha zaidi. Otmari alishika skrubu kwa vidole, akaizungusha kidogo aone kama inajizungusha yenyewe. Haikuwezekana, kwa umbali ule ingehitaji mizunguko mia kadhaa. Tulisimama hapo tukisikiliza maji ya ukungu yakidondoka kwenye bati.

Umeme ukarudi. Taa ikawaka, mashine ikastuka, na kichwa kikaanza kwenda katikati na kurudi kona ya kushoto, katikati na kurudi, na kila kikirudi kilipiga ule mluzi. Mara tatu nilihesabu. Otmari alikuwa amenyoosha mkono kwenye swichi na mkono wenyewe unatetemeka mno hauifikii. Mlango ukasukumwa.

Aliyeingia alikuwa Mama Gaudensia. Alikuwa amerudi jana yake jioni na hatukuwa na habari. Alikuwa na birika mkononi, la moto, linatoa mvuke.

"Kamwene," akasema taratibu, kama mtu anayeingia kwenye nyumba ya mgonjwa.

"Kamwene, mama," nikajibu.

"Nimesikia Longino anapiga mluzi kabla umeme haujarudi," akasema. "Nimeinuka nikaweka maji ya chai. Nimeyachemsha hadi mwisho ndipo nikakumbuka kuwa nilimzika."

Mashine ilikuwa imesimama kibondeni. Mama akatazama chini ya reli, chini ya vyuma na nyaya, akaiona meza. Aliweka birika sakafuni.

"Otmari. Kule kwangu chini ya shuka kuna nini?"

"Mbao za msonobari, mama." Sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Na makreti. Nimeiiba. Nilijiambia meza haiwekwi mkononi. Nilijua ni uongo. Mama, nilishindwa kuja kwako. Aliniita siku tatu, na siku zote tatu nikasema kesho. Sasa amekuja mwenyewe kuchukua meza yake, na ana haki. Nitaifungua leo hii. Na hii mashine nitaitupa, nikapakie malori."

Mama Gaudensia alipangusa vumbi ukingoni mwa meza kwa upindo wa kanga.

"Unajua alikuitia nini?"

"Kunikataza mashine."

"Nani kakwambia?"

"Alisema itapinda."

"Ndiyo, alisema itapinda. Ilikuwa inapinda, au haikupinda?" Akaketi kwenye kigogo, kwa sababu miguu yake nayo ilikuwa imechoka. "Mwanangu, yule mtu siku ya kwanza alisema: huyo kijana mabomba yake yatapinda, anahitaji kitu kisichopinda, mwiteni nimkabidhi meza. Siku ya pili akaniomba nimwinue aketi, ukija akukute ameketi. Siku ya tatu hakuweza kuketi, akaniambia, usimpe mtu mwingine, ina mwenyewe. Arobaini ilipofika nilisema hivyo mbele ya watu. Nilikungoja uje. Nilidhani utakuja."

Hapo ndipo niliposhikwa na aibu yangu mimi. Maneno yale niliyabeba kwa mkono wangu kutoka kwake hadi kwa Otmari, na niliyafikisha nikiwa nimeyaelewa kinyume. Otmari alipiga magoti kwenye vumbi la mbao. Alilia bila kujificha, na mama akamwacha alie mpaka akamaliza.

Kisha akasema, "Simama. Nitakukabidhi. Lakini kwanza iambie irudi tena kona ile. Mara moja."

"Mama, ukinikabidhi huenda haitarudi tena pale."

"Ndiyo maana nimesema kwanza."

Otmari akakisukuma kichwa hadi katikati, akaondoa mikono yake, akasubiri. Hakubonyeza kitu, naapa. Mashine ikakaa kidogo, kisha ikaenda. Sauti tatu za kupanda, moja ndefu ya kushuka. Mama Gaudensia alikuwa amefumba macho. Ilipoisha aliitikia kwa kichwa mara moja, kama anavyofanya mtu aliyeitwa na mumewe kutoka karakana akajibu, "Nimesikia."

Akamshika Otmari mkono, ule wa kulia, akaulaza juu ya kibonde, na juu yake akaweka wake.

"Pokea."

"Nimepokea."

Mkono haukuacha kutetemeka. Mimi si mwongo, na hii si hadithi ya miujiza ya redioni. Unatetemeka mpaka leo. Lakini alipowasha mashine, kichwa kikaenda kona ya kulia, kule alikokuita nyumbani tangu mwanzo, kwa sauti ya mota tu, kikatulia. Akafunga ubao wa tatu. Ilichonga tangu asubuhi hadi jua lilipoutoboa ukungu, jani kwa jani, na jani la mwisho lilipokamilika kichwa kikainuka, kikarudi kulia. Nilipitisha kiganja juu ya ule ubao sikupata pa kupiga msasa. Mlango wenyewe upo, nendeni mkautazame, ila msiuguse kwa hiyo mikono yenu ya gundi.

Wapo wanaosema ilikuwa waya. Kihwele mwenyewe alisema ilikuwa waya, siku alipokuwa mbali na mashine ile. Inawezekana. Mimi nasema waya hauondoi kichwa chini ya gunia ukaliacha gunia limelala. Tuliloshindwa kuelewa ni jambo jingine. Sote tulidhani meza inamngoja marehemu arudi, ndiyo maana tuliogopa. Kumbe ilikuwa inamngoja aliye hai aje mlangoni kwa mjane aseme pole. Kila jioni Otmari alipofunga kazi baada ya siku ile, Mama Gaudensia alivuka barabara na birika. Nilimwuliza siku moja kama haumkoseshi raha ule ukimya bila mluzi. Akasema, "Unanikosesha." Akamimina chai.

Alipokufa yeye, binti yake Gaudensia alitaka kujua birika ampe nani, na mtaa mzima tukamjibu kwa pamoja, macho yetu yakiwa kwa Otmari, kwa maneno ambayo hatukuwa tumeyapanga. Tangu hapo yamekuwa methali.

Sasa wewe uliyeshika randa ya Philoteus. Njombe kuna simu. Mpigie leo, usimwambie kesho, na mpaka atakaposema neno lake iweke ilipokuwa. Usinitazame hivyo, sijasema itakupigia mluzi. Nimesema tu tulichokiona: chombo kisichokabidhiwa humngoja mwenyewe.